Miguu Isiyotulia Usiku

Saa nne usiku, kambi ya mazoezi imenyamaza. Wenzake wamelala fofofo, lakini mkimbiaji mmoja yuko macho, anakunja na kukunjua miguu chini ya blanketi. Haimuumi hasa, inamtambaa kwa ndani, kama siafu wanaopita kati ya ngozi na mfupa. Akishuka kitandani na kutembea peku sakafuni, inatulia. Akirudi kulala, inaanza tena. Na alfajiri anatakiwa barabarani.

Mwalimu wake atadhani ni uchovu, au msuli umekaza. Sivyo. Msuli ukikaza huwa mgumu na kuuma mahali pamoja. Hapa kuna hamu tu ya kusogeza miguu, inayokuja mtu akipumzika, inayopungua akitembea, na kuzidi usiku. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza hali hii mwaka 1672. Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaichambua kwa kina mwaka 1945.

Wapo wanaoirithi. Lakini chanzo kinachotibika kwa urahisi zaidi ni upungufu wa madini ya chuma, ambao ukifika kwenye ubongo huvuruga kazi ya dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Mkimbiaji wa mbio ndefu hupoteza chuma kwa jasho, kwa damu kidogo inayovuja tumboni, hata kwa chembe nyekundu za damu zinazopasuka nyayo zinapogonga lami. Mwanamke huongeza na damu ya hedhi. Saa chache baada ya mazoezi makali, ini humwaga hepsidini, homoni inayozuia utumbo kufyonza chuma. Kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mwili hudai chuma zaidi ili kutengeneza damu. Na chai, kipenzi cha kambi nyingi, ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa.

Inasikitisha kwamba wengi hupimwa himoglobini peke yake. Inaweza kuwa nzuri kabisa huku akiba ya chuma imekauka. Kipimo cha akiba ni feritini, na kwa mwenye dalili hizi, madaktari hufikiria kumpa chuma ikiwa haizidi mikrogramu 75 kwa lita, hata kama maabara imeandika "kawaida". Kujinunulia vidonge bila kupima ni hatari, kwani chuma kikizidi huharibu ini. Baadhi ya dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo huzidisha tatizo.

Basi, mwalimu, mwanariadha akikwambia miguu inamtambaa usiku, usimwambie avumilie. Mpeleke apimwe feritini.