Kipira cha Sikioni na Sauti Inayosikika

Visikizi vya kuingiza ndani ya tundu la sikio hutegemea jambo moja kuliko yote: kuziba. Kipira cha kwenye ncha ya kisikizi kisipokaa sawasawa, hewa huvuja na besi hutoweka, hata kama kisikizi chenyewe ni cha bei ghali. Kwa hiyo saizi ya kipira ndiyo ya kujaribiwa kwanza, na si ajabu sikio la kulia likataka tofauti na la kushoto.

Vipira vya silikoni huoshwa kwa urahisi na hudumu. Vya sponji hubanwa kwa vidole, kisha hutanuka ndani ya sikio. Huzuia kelele za nje na mara nyingi hupunguza ukali wa sauti za juu, ila huchakaa mapema. Tundu la kipira nalo lina kazi yake: jembamba huelekea kufifisha sauti za juu, pana huziachia. Kisikizi kikisogezwa ndani zaidi, mwangwi wa mfereji wa sikio, ambao mara nyingi huwa karibu na hezi 8,000, hupanda hadi masafa ya juu zaidi.

Chanzo cha sauti, iwe simu au kompyuta, huleta tofauti ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Ukinzani wake ukiwa chini ya sehemu moja ya nane ya ule wa kisikizi, sauti haibadiliki kwa kiasi cha kusumbua. Ukizidi hapo, visikizi vyenye spika ndogo kadhaa, ambavyo ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na masafa, huweza kupoteza uwiano wa besi na sauti za juu. Vile vinavyoitika kwa umeme kidogo hufichua pia kelele ya chinichini ya kikuza sauti, hasa wimbo unapotulia.